Lehemu Hufuata Moto

Kiungo cha bomba la shaba kilicholehemiwa sawasawa hakina mengi ya kumwonyesha mtazamaji. Huonekana ukingo mwembamba wa rangi ya fedha ulioizunguka midomo ya soketi, basi. Kazi yenyewe imo ndani, katika upenyo uliobaki baina ya ukuta wa nje wa bomba na ukuta wa ndani wa soketi, nao upana wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Humo lehemu iliyoyeyuka huingia, ikatanda, ikaganda, ikakaa miongo kadhaa ikiyazuia maji yenye nguvu yasipate pa kutokea. Kazi nyingi za mikono husomwa usoni: mlango kwa nakshi zake, kofia kwa vitobo vya darizi yake, jahazi kwa mwinamo wa omo lake. Hii haisomeki hivyo. Kiungo kibovu na kiungo kizuri huweza kuvaa ukingo uleule wa fedha, vikaja kutofautiana siku ya kufunguliwa maji. Anayejifunza kulehemu nyumbani kwake, bila bwana wa kumsimamia, ameingia katika kazi ambayo sehemu yake kubwa hataiona kamwe, na karibu kila anachojifunza ni namna ya kuitengenezea sehemu hiyo njia.

Al Sadd, mtaa wa katikati ya Doha, umejaa shaba ambayo hakuna anayeitazama. Wapenzi wa kandanda wanaujua mtaa huu kwa klabu yake iliyoanzishwa mwaka 1969. Abiria wa metro wanaujua kwa kituo cha Laini ya Dhahabu kilichofunguliwa Novemba 2019. Aliyepanda juu ya paa lolote la hapo anaujua kwa mambo mengine: matangi ya maji yaliyojipanga juani, na mashine za viyoyozi, kila moja ikitoa mabomba mawili membamba ya shaba yaliyovishwa sponji nyeusi, yakapotelea ukutani. Bila mabomba hayo mji usingekalika mwezi wa Julai, mwezi ambao mwaka 2010 ulipandisha joto la Doha hadi nyuzi 50.4. Shaba nyingine imo ndani ya hita za maji, na katika kuta za baadhi ya nyumba kuukuu za ghorofa moja au mbili zilizobanwa na majengo marefu ya siku hizi. Majengo mapya aghalabu hupitisha maji katika plastiki, ambayo huungwa kwa kuyeyushwa yenyewe kwa yenyewe. Bomba la shaba la maji ni la nyumba yenye umri, na mara nyingi ni kuvuja kwake kunakomjulisha mkaazi kwamba lilikuwapo siku zote.

Mabomba ya viyoyozi ni shaba ileile, ila si kazi ileile. Gesi ya kupozea huwa na mgandamizo mkubwa kuliko maji ya nyumbani, na viungo vyake huungwa kwa fito za shaba na fosforasi, au zenye fedha ndani yake, kwa joto linalopita nyuzi 450. Mwanagenzi aliyefaulu kuziba bomba la bafuni asijione ameshapata leseni ya kufungua kiyoyozi. Hapo panahitaji fundi wa viyoyozi; mwanagenzi yanamtosha haya ya mabomba ya maji.

Shaba ina nasaba ndefu kando ya maji haya. Katika milenia ya tatu kabla ya Kristo, milima ya Oman, ambayo watu wa Mesopotamia waliiita Magan, ilitoa shaba iliyovushwa kwa vyombo kupitia Dilmun, yaani Bahrain ya leo, hadi miji ya Tigrisi na Furati. Kibao cha udongo kilichoandikwa yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, kilichotoka mji wa Uru na ambacho sasa kimo katika British Museum mjini London, ni barua ya mnunuzi aliyeitwa Nanni akimlaumu mfanyabiashara Ea-nasir kwa kumletea shaba mbovu na kumfanyia dharau mjumbe wake. Karibu miaka elfu nne imepita, na malalamiko ya dukani hayajabadilika sana. Misri nayo ilikwisha kuifua shaba ikawa bomba mapema zaidi: hekalu la piramidi la Farao Sahure huko Abusir lilikuwa na mfereji wa mabomba ya shaba zaidi ya miaka 4,400 iliyopita.

Msomaji wa Kiswahili ana nasaba nyingine ya karibu zaidi. Huko Katanga, katika Kongo ya leo, wafuaji waliiyeyusha shaba katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakaimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha ya kununulia na ya kuolea karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyejijengea ufalme wa Wayeke huko Bunkeya, aliutajirisha kwa shaba, pembe na watumwa hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold, msafara ambao wapagazi wake wengi walitoka Zanzibar na mrima. Rais Mobutu alipobadilisha majina ya nchi, jimbo zima la Katanga liliitwa Shaba, kuanzia 1971 hadi 1997. Upande wa Zambia, reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, ilitandikwa hasa ili shaba ifike bandari ya Dar es Salaam pasipo kupita katika nchi zilizokuwa mikononi mwa walowezi. Shaba hiyo ilitoka ikiwa mabamba mazito, ikaenda ng'ambo, ikarudi ikiwa waya na bomba kwa bei nyingine. Bomba lililoko nyuma ya vigae vya bafu la Al Sadd halina cheti cha kuzaliwa. Shaba huyeyushwa na kuchanganywa mara nyingi mno hata haiwezekani kusema kipande fulani kilichimbwa wapi. Lakini Mkenya au Mkongo anayeishika ameshika madini ambayo nchi za lugha yake zimeyatoa kwa wingi kuliko zilivyofaidika nayo.

Hata maji yanayopita katika bomba hilo yamekwisha kukutana na shaba kabla ya kufika mtaani. Qatar haina mto wala ziwa, na tangu miaka ya 1950 imekuwa ikiyageuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Katika mitambo ya kuchemsha, mvuke hupozwa kuwa maji juu ya maelfu ya mirija ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa aloi ya shaba na nikeli, kwa sababu shaba hustahimili chumvi na hupitisha joto upesi. Maji yatokayo hapo ni safi kupita kiasi: yana njaa, hula chuma na saruji, na lazima yatiwe chokaa kidogo ndipo yaachiliwe mjini. Yakishapanda kwenye tangi la paa, jua hulifanyia kazi yake. Wakati wa kiangazi bomba la maji baridi hutoa maji yanayounguza, na wakaazi wazoefu huzima hita, wakaifanya kuwa mtungi wa kuhifadhia maji yaliyopoa ndani ya nyumba. Hapo anayetaka maji baridi hufungua bomba la maji moto. Nyumba iliyogeuza mambo kiasi hicho huliletea bomba la shaba mateso ya kutanuka na kusinyaa, na kiungo kilichotiwa lehemu nusu huanza kutoa tone.

Katika kulitengeneza bomba hilo, kabla ya chochote maji hufungwa kwenye koki kuu na bomba humwagwa hadi likauke. Kisha hukatwa. Kifaa chake ni kikata bomba chenye kigurudumu cha makali, kinachozungushwa huku kikikazwa kidogo kila mzunguko. Anayekaza kwa pupa hulibonyeza bomba likapoteza uduara wake, na bomba lisilo duara huacha upenyo mpana upande mmoja na kuufunga upande wa pili: lehemu itakosa njia huku na kuporomoka kule. Ndani ya mdomo uliokatwa hubaki ukingo mkali uliojikunja. Huu lazima ukwanguliwe, maana maji yakipita kwa kasi juu yake hujisokota, na msokoto huo huwa unaimega shaba ya mbele yake taratibu mpaka bomba linatoboka mahali ambapo hapakuwahi kuguswa na fundi. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hiki ni cha hasara.

Kusafisha ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa hakuna cha kusisimua ndani yake. Msasa mwembamba hupitishwa kuzunguka ncha ya bomba mpaka ule wekundu uliofifia, wa kahawia, ugeuke kuwa wa waridi unaong'aa. Ndani ya soketi hutumika brashi ya waya yenye kipenyo kilekile. Shaba inayoonekana safi kwa jicho imevaa ngozi ya oksidi, na lehemu haishiki juu ya ngozi hiyo. Baada ya hapo vidole havigusi tena, kwa sababu mafuta ya ngozi ya binadamu nayo ni uchafu. Katika joto la Doha sharti hili ni zito kuliko linavyosomeka. Jasho hudondoka kutoka kwenye paji la uso na kutua papo hapo palipokwanguliwa, na mwanagenzi hana budi kurudi kwenye msasa. Ipo kejeli kidogo hapa: mtu anajitahidi kwa mikono yake, halafu anatakiwa asiache alama yoyote ya mikono hiyo.

Shaba iliyosafishwa haikai safi. Hewa huirudia mara moja, na moto huifanya hewa iwe na haraka zaidi. Ndiyo maana hupakwa dawa ya kulehemu, ambayo mafundi wengi huiita flaksi: mafuta mazito yenye chumvi za zinki na amonia ambazo zikipata joto huila oksidi na kuifukuza hewa mpaka lehemu iwasili. Hupakwa kidogo, kwa brashi, na bomba husukumwa ndani ya soketi hadi liguse mwisho, likazungushwa kidogo ili dawa ienee. Anayefikiri dawa nyingi ni usalama mwingi hajui inakokwenda: iliyozidi huingia ndani ya bomba, ikakaa hapo na ukali wake, ikaitafuna shaba kwa miezi huku mwenye nyumba akisifu kazi yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa moto. Propani inayowaka katika tochi ya gesi hufikia joto la karibu nyuzi 1,900 katika hewa ya kawaida, ilhali bati huyeyuka kwa nyuzi 232 na shaba yenyewe kwa 1,085. Moto haupungui kamwe. Hatari yote iko katika kuzidi. Huenda gesi hiyo imetoka chini ya bahari hiyohiyo ya kaskazini mwa Qatar, katika hodhi la North Field lililogunduliwa mwaka 1971, ambalo ndilo lililoujenga mji huu kuanzia barabara hadi viwanja. Jikoni wakaazi wa mtaa wana mitungi ya Shafaf inayouzwa na WOQOD, ambayo hupenyeza mwanga na kuonyesha gesi iliyobaki. Chupa ya tochi ni ya chuma, haionyeshi kitu, na ina tabia ya kuisha kiungo kikiwa nusu.

Ndimi za moto huelekezwa kwenye soketi, kwa kuwa ndiyo nene na ndiyo inayochelewa kupata joto. Ncha ya ule moto wa ndani wa buluu ndiyo kali zaidi, na huhamishwahamishwa ili pasiungue mahali pamoja. Dawa huanza kuchemka, ikatoa moshi, kisha ikatulia na kuwa nyangavu. Hapo waya wa lehemu huguswa kwenye mdomo wa soketi upande wa pili, mbali na moto. Usipoyeyuka, huondolewa. Ukiyeyuka, moto husogezwa kando na waya hulishwa, nao unanywewa na ule upenyo mbele ya macho. Kosa la kila anayeanza ni kuuyeyusha waya kwa moto wenyewe na kuudondosha juu ya kiungo baridi. Matone hayo huganda juujuu yakapendeza, na chini yake pamekauka. Lehemu inatakiwa iyeyushwe na shaba, shaba ikiwa imeshiba joto, na itakwenda kule shaba ilikoshiba. Lehemu hufuata moto. Anayetaka ifike ndani kabisa ya soketi huutanguliza moto huko, kisha akasubiri.

Kusubiri huko ndiko kiini cha funzo lote, na ndiko kunakopingana na silika ya mtu mwenye waya mkononi. Silika husema: palipo na upenyo, pajaze. Ufundi unasema: paandae mahali papokee, halafu uache. Wapo wanaosifu mikono hodari; katika kazi hii mikono hodari ni ile inayojua kujizuia sekunde tano zaidi. Na kujizuia nako kuna mpaka, kwa sababu dawa iliyochomwa kupita kiasi hugeuka nyeusi, ngozi ya oksidi hurudi, na lehemu huviringika katika vidonge na kudondoka sakafuni. Baina ya baridi na kuungua kuna kipindi kifupi, na hakuna saa ya kukipima isipokuwa rangi ya dawa na mguso wa waya. Maandishi huweza kukitaja. Hayawezi kukikabidhi.

Nguvu inayoivuta lehemu ndani ni ileile inayopandisha mafuta ya taa katika utambi wa kandili. Kimiminika kinachopenda kushikamana na kuta za njia nyembamba hujivuta chenyewe, hata kwenda juu, kinyume cha uzito wake. Ndiyo sababu kiungo kinachotazama chini hujazwa vizuri sawa na kinachotazama juu. Ndiyo sababu pia upenyo mpana hauna faida: ukizidi sehemu kadhaa za kumi za milimita, mvuto huo hupotea, lehemu ikabaki kutegemea bahati. Kwa bomba la milimita 15 kipande cha waya cha urefu uo huo wa milimita 15 au kidogo zaidi hutosha. Wengine huukunja waya mapema kwenye alama hiyo ili wasiendelee kulisha kwa hofu. Mchirizi mrefu unaoning'inia chini ya kiungo huonyesha hofu hiyo, wala haukiongezei nguvu.

Linalotokea ndani si kugandishwa kwa gundi. Bati iliyoyeyuka huyeyusha ngozi nyembamba ya shaba inayoigusa, na mpakani huzaliwa madini mapya yenye atomi sita za shaba kwa kila tano za bati. Ni tabaka jembamba mno, gumu, tena lenye kuvunjika likinenepa kwa kupashwa moto mara nyingi, na bila hilo hakuna kiungo. Ukikata kiungo kizuri na kukitazama chini ya hadubini, hakuna mstari mmoja wa kusema shaba imeishia hapa. Ndoa nyingi hupigiwa mfano wa mambo mengine yasiyo na ukweli kama huu.

Bati nayo ina kwao. Takriban nusu ya bati inayotumika duniani huishia katika lehemu, nyingi ikiwa ya vifaa vya elektroniki, na moja ya machimbo tajiri ya madini yake ni Bisie, katika wilaya ya Walikale, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Kabla ya mgodi wa kisasa kuanza kuzalisha mwaka 2019, kasiteriti ya hapo ilitolewa kwa nyundo na patasi, ikabebwa mabegani kwa magunia, wabebaji wakitembea msituni na kulipa ushuru kwa kila mwenye bunduki. Machi 2025 vita viliposogea, mgodi ulisimamishwa kwa wiki kadhaa, na bei ya bati ikapanda katika masoko ya mbali. Mtu anayelehemu bafu lake hana habari na hayo, wala waya wake hauna nembo ya Walikale. Hata hivyo, shaba ya Katanga na bati ya Kivu, zilizotoka katika nchi moja na kusemewa bei kwa Kiswahili kilekile, huenda zikakutana mara ya kwanza katika bafu la Ghuba, chini ya moto wa gesi ya Qatar.

Mchanganyiko wa lehemu ulibadilika katika uhai wa watu walio hai. Tangu enzi za Warumi bati ilichanganywa na risasi. Plinio Mkubwa, aliyekufa mwaka 79, alitaja mchanganyiko wa sehemu mbili za risasi kwa moja ya bati kwa ajili ya kuunga mabomba. Risasi iliwapendeza mafundi kwa kuwa inashusha joto la kuyeyukia, mchanganyiko ukaanza kulainika kwenye nyuzi 183, na kwa kuwa huganda polepole, ikawapa nafasi ya kurekebisha. Pia ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Marekani ilipiga marufuku lehemu ya risasi katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na sasa waya wa mabomba huwa ni bati yenye shaba kidogo, au antimoni, au fedha. Waya wa redio na televisheni bado huweza kuwa na risasi, nao huuzwa katika maduka hayohayo. Mwanagenzi asome maandishi ya kifuko. Hili ndilo jambo moja katika kazi yote lisilosameheka.

Adui mwingine ni maji yenyewe. Tone likiendelea kutiririka ndani ya bomba, shaba haitapita nyuzi mia moja hata ikichomwa saa nzima. Joto lote litaishia kutengeneza mvuke, na mvuke uliofungiwa utatoboa lehemu ikiwa bado laini. Kwa hiyo bomba la mbele huachwa wazi ili pumzi itoke. Koki kuu ikiwa imechoka na haifungi sawasawa, na koki za nyumba kuukuu huwa zimechoka, ipo mbinu ya mafundi wa zamani: kipande cha nyama ya mkate mweupe, bila ganda, husindikwa ndani ya bomba, kikanywa maji kwa dakika chache zinazotosha kulehemu, kisha kikalainika na kusukumwa nje. Chapati haifai kwa kazi hii. Ina mafuta, na ina ukaidi.

Swali ambalo jirani wa Al Sadd angeuliza ni: kwa nini ujisumbue? Fundi hupatikana kwa simu, mara nyingi Mnepali, Mhindi au Mbangladeshi, na ujira wake hauumizi mfuko wa mwenye kazi ya ofisini. Qatar iliweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi kuanzia Machi 2021, pamoja na posho ya chakula na malazi pale mwajiri asipovitoa mwenyewe, na kiwango hicho ndicho kinachoufanya ufundi uonekane kitu chepesi. Mji mzima umeungwa na watu wanaolipwa hivyo, wakiwamo Wakenya na Waganda walinzi wa milango, madereva na wafanyakazi wa majumbani. Aliyepanda mwenyewe juu ya paa mwezi wa Agosti na tochi mkononi, bomba likiwa la moto hata kabla ya kuwashwa chochote, hubishana bei kwa namna tofauti siku nyingine. Sheria ya mwaka 2021 inakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Mkaguzi humfuata mwajiri. Mwenye kujifanyia kazi nyumbani kwake hana mkaguzi, na busara inamtaka afuate saa hizohizo. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga, nao hawakuwahi kupanda paa la Doha.

Kufaa kwa kujifunza, basi, hakumo katika riyali zinazookolewa. Vifaa vya mara ya kwanza humeza akiba hiyo. Kumo katika kuitambua nyumba. Mpangaji wa ughaibuni huishi ndani ya kuta asizozijua, akijua tarehe ya kodi na namba ya mwenye nyumba, na mkataba wake aghalabu ni wa mwaka. Bomba alilolikata na kuliunga ni mahali pamoja katika mji huo anapojua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Inafaa aombe ruhusa kwanza, bila shaka.

Lehemu ikishajaza mzunguko mzima, moto huzimwa na kiungo huachwa kitulie. Hakitikiswi, hakimwagiwi maji, hakipulizwi. Lehemu inayosukwasukwa wakati wa kuganda hupata nyufa zisizoonekana, na kuipoza ghafla huleta yaleyale. Rangi ya fedha inayong'aa ikififia kidogo, imeganda. Baada ya dakika chache kitambaa chenye unyevu hupitishwa kuondoa dawa iliyobaki nje, kwani ikiachwa huzaa kutu ya kijani. Pale kiungo kilipo karibu na mbao au dari, blanketi la kuzuia moto huwekwa nyuma yake kabla ya kazi, kizima moto hukaa karibu, na mtu habanduki pale kwa saa moja baadaye. Mbao huweza kufukuta kimya na kuwaka watu wamekwenda kula.

Maji hufunguliwa taratibu, koki ya mwisho ikiwa wazi ili hewa itoke, na kichujio cha mdomo wa bomba kikiwa kimevuliwa ili mabaki ya dawa na ya mkate yapite. Yaachwe yatiririke dakika kadhaa. Kisha koki hufungwa, nguvu hupanda, na karatasi kavu huzungushwa kwenye kila kiungo. Tone likionekana, hakuna kuongeza lehemu juu yake. Kishawishi ni kikubwa, na viraka vya namna hiyo viko kila mahali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ila ufa huu hauzibwi kwa nje. Maji hufungwa tena, bomba hukaushwa, kiungo hupashwa moto hadi kiachane, lehemu ya zamani hufutwa kwa kitambaa, na kila kitu huanza upya kwenye msasa, aghalabu kwa soketi mpya. Viungo vya kwanza vya mwanagenzi vinafaa vifanywe mezani, juu ya vipande vya majaribio, kisha vikatwe kwa msumeno kwa urefu. Hapo ule upenyo huonekana kwa mara ya kwanza na ya mwisho: kijivu pale lehemu ilipofika, mwekundu pale palipobaki pakavu.

Mabaki yana bei. Shaba chakavu inatafutwa kila mahali, kiasi kwamba Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya nyaya na nguzo za umeme kuhujumiwa. Bomba tupu, safi, lisilopakwa kitu hupata daraja la juu. Lenye kiungo cha lehemu hushushwa daraja, maana bati iliyokwisha kuingia ndani ya shaba haitoki kwa kukwanguliwa, na tanuri litaipata. Mnunuzi mzoefu hukata vichwa hivyo kwa mkasi wa chuma, akavitupa katika gunia lake la pembeni, na kupima kwenye mizani mara mbili.